Mjusi Mgongoni mwa Bibi

Baba yangu alikuwa mchonga vinyago. Nasema alikuwa, ingawa yu hai, na asubuhi hii nimemwacha nyumbani Chanika anakunywa chai ya rangi na kulalamika kuwa haina sukari. Alizaliwa kusini, kwetu Umakondeni, akafundishwa kazi na mjomba wake, akaja Dar es Salaam kijana, patasi zake zimefungwa kwenye kanga ya mama yake. Miaka yangu yote ya shule tuliishi Temeke, nyumba ya kupanga, chumba na sebule. Baba alichongea uani, karibu na karo, na wapangaji wenzetu walikuwa hawaishi kununa kwa sababu vumbi la mpingo lilitua kwenye nguo zao kambani. Mama ndiye aliyekuwa akipita mlango kwa mlango kuwaomba radhi, mkononi sahani ya vitumbua.

Kazi za kuuza zilikuwa zile watalii wanazozipenda: twiga, vifaru, Wamasai wembamba wenye mikuki. Alizipeleka sokoni, kwenye vibanda vya vinyago, na wenye vibanda walimlipa walivyotaka wao. Hakuwa mtu wa kulalamika sana wakati ule. Ila mara mojamoja alijichongea kitu ambacho hakuna aliyekiagiza, na siku hizo mama alijua asimuulize habari za unga.

Mwaka niliomaliza kidato cha nne, kitu hicho kilikuwa bibi kizee. Ameketi chini, miguu kainyoosha mbele, anasuka ukili wa mkeka. Kwenye mdomo wa juu ana ndonya, kile kipande cha mti walichokuwa wakivaa wanawake wa kwetu zamani, na macho kayainamisha kwenye vidole vyake. Baba alisema ni bibi yake, mama wa mama yake, ambaye mie sikuwahi kumwona. Alisema hata watu wakigombana mbele yake, bibi huyo alikuwa anaendelea kusuka tu, na ugomvi ukiisha anauliza, "Mmemaliza?"

Kazi ilipokaribia kwisha, mti ukapasuka. Ufa ulianzia kiunoni, ukapanda mgongoni mpaka karibu na bega la kushoto. Mama akasema, "Basi tena, kuni hizo." Siku mbili baba alikaa anamtazama yule bibi kama mtu aliyekosewa na nduguye. Siku ya tatu akachukua patasi nyembamba kuliko zote, akaanza kuchonga mjusi juu ya ufa: mkia chini kiunoni, mwili umefuata mpasuko ulivyopinda, kichwa kimechungulia begani. Alipomaliza huwezi kujua kama kulikuwa na ufa.

"Alikuwemo humo ndani," akasema. "Mie nimemfungulia mlango tu."

Wiki hiyo nilimsindikiza sokoni kumpeleka huyo bibi, kwa kuwa nilikuwa nyumbani nasubiri matokeo na sina kazi ya kufanya. Ndipo alipokuja yule mama wa Kizungu. Alikuwa mtu mzima, mrefu, nywele zina mvi, amevaa viatu vya kamba kama vya kutembelea porini. Akapita twiga wote bila kuwatazama, akasimama kwa bibi. Akamgeuza. Alipomwona mjusi akacheka peke yake, kicheko cha mtu aliyekutana na rafiki, akauliza nani kachonga. Mwenye kibanda akaanza kujiumauma, maana hawapendi mteja amjue fundi. Mie nikamwonyesha baba.

Yule mama akamnunua bibi kwa bei aliyoitaja mwenyewe, kubwa kuliko ambayo baba angethubutu kuitaja. Kisha akasema kwa Kiingereza kwamba ana duka kwao, Ulaya, la vitu vya mikono ya watu, na anataka wengine ishirini kama huyu.

Nikamtafsiria baba. Baba akashtuka. "Ishirini? Mwambie bibi yangu alikuwa mmoja."

Mie nikamgeukia yule mama, nikamwambia, "Anasema ndiyo, anaweza."

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Ndiyo mara yangu ya kwanza kutumia Kiingereza cha shule kwa jambo la maana, na nilikitumia kusema uongo. Njiani kurudi nikamweleza baba nilivyojibu. Tulipofika nyumbani akasema, "Haya. Tutamchonga huyohuyo mpaka amchoke."

Hakuchoka mapema. Kwa miaka kadhaa yule mama, ambaye nyumbani tulimwita Mzungu wetu, aliagiza mara mbili au tatu kwa mwaka, na siwezi kuongopa: alitubadilishia maisha. Tulinunua kiwanja Chanika wakati bado kuna mikorosho na watu wanakuita kichaa kwa kwenda kujenga porini. Tukajenga vyumba vitatu, tukaezeka bati, tukachimba kisima. Baba akapata banda lake la kuchongea, kubwa, lina upepo, na hakuna mpangaji wa kuombwa radhi. Kaka yangu alijifunza udereva, akapata nauli ya kwenda Uarabuni, na mpaka leo yuko huko anaendesha gari la watu, na kila Ijumaa anatupigia simu tunamwona uso wake kama yuko chumba cha pili. Sukari ya mama ilipopanda, dawa zilizomrudisha zilitoka India. Nayasema haya kwa sababu nimewasikia watu wakiilaani dunia hii ya biashara za mbali kana kwamba haikuwahi kuwapa hata kijiko. Sie ilitupa nyumba.

Lakini baba alibadilika taratibu. Mzungu wetu alitaka mabibi wanaofanana. Alinipa vipimo kwa sentimita, nami nikawa napita bandani na utepe wa kushonea wa mama: urefu huu, upana wa mabega huu. Aliyezidi kidogo, picha yake ilirudi kwenye simu yangu imezungushiwa duara jekundu. Baba akawaita wapwa zake wawili kutoka kusini, wao wakawa wanakata magogo na kutoa umbo, yeye anamalizia uso na vidole. Na kila bibi ilibidi awe na mjusi. Wateja wa kule walimpenda mjusi kuliko bibi mwenyewe. Hata mti ukiwa mzima kabisa, hauna hata mstari, baba alichonga mjusi begani.

Siku moja nilimkuta ameshika patasi hafanyi kitu.

"Huyu mjusi hapa hana kazi," akaniambia. "Hakuna ufa. Anafanya nini hapa?"

"Wateja wanampenda, baba."

"Najua wanampenda. Nakuuliza anafanya nini."

Nikamwambia gari la mzigo linakuja Jumanne.

Kisha ikaja siku ya picha. Mzungu wetu alikuwa ameniandikia kwamba anaandaa katalogi mpya, hivyo anahitaji picha nzuri za kazi zote: bibi, na nyingine tano ambazo baba alikuwa amezibuni miaka hiyo. Mbele, nyuma, pande zote, juu, chini ya miguu. Akataka na video, kinyago kikizungushwa polepole kwenye mwanga mzuri. Nilifurahi. Nilikuwa nimenunua simu mpya yenye kamera ya nguvu, na nilijiona mtu wa kimataifa. Nikatandika shuka jeupe uani, nikaweka kigoda, juu yake sahani iliyogeuzwa, juu ya sahani bibi. Nikamzungusha kidogo, nikapiga. Nikamzungusha tena kidogo, nikapiga. Nilishinda kutwa nzima kwenye kazi ile. Nilipiga mpaka mikunjo ya ngozi kwenye viwiko, mpaka magamba ya mjusi.

Baba alikuwa kakaa mlangoni mwa banda ananitazama.

"Anazitaka za nini nyingi hivyo?"

"Za katalogi, baba. Ili wateja waone vizuri."

"Mpaka nyayo?"

"Ndivyo wanavyofanya siku hizi."

Akatikisa kichwa. "Haya. Wewe ndiye unayejua kusoma."

Nikazituma jioni hiyohiyo. Mzungu wetu akajibu kwa maneno mengi ya shukrani na alama za moyo.

Baada ya hapo tulipata oda moja, ndogo. Halafu ikaja korona, ndege zikasimama, watalii wakakatika, na kila mtu alikuwa na sababu ya kunyamaza. Nilimwandikia kumuuliza hali, akajibu kwamba wako salama, duka limefungwa kwa muda, tuwe na subira. Tukawa na subira. Dunia ikafunguliwa, ndege zikaruka, hoteli zikajaa, sie bado tunasubiri. Ujumbe wangu ulikuwa unafika na kusomwa, majibu hakuna. Baadaye hata kusomwa ukawa hausomwi. Wapwa wa baba walikaa miezi wakila na kulala, wakaona haya, mmoja akarudi kusini, mwingine akanunuliwa bodaboda na shemeji yake. Bandani mabibi kumi na wanne waliokamilika walijipanga ukutani, kila mmoja na mjusi wake, na hakuna wa kumchukua hata mmoja. Baba aliwapeleka baadhi kwenye vibanda vya zamani. Wenye vibanda walimwambia soko limekufa, aache kwa mali kauli, alipwe zikishauzwa. Akaacha. Wakauzwa wawili.

Mie nikatafuta kazi. Nilipata kwenye duka la mapambo ya ndani kule Mbezi Luis, jirani na stendi kuu ya mabasi ya mikoani, ambako watu wanaosafiri hununua zawadi dakika za mwisho: saa za ukutani, maua ya plastiki, mazulia, fremu zenye aya za dini. Mwenye duka ni mwanamke aliyenizidi miaka kama kumi, mchapakazi, anaenda China mwenyewe kuchagua mzigo. Nilimwita dada, naye aliniita mdogo wangu. Hakuwahi kunicheleweshea mshahara. Kutoka Chanika ni mbali, hivyo nilipanga chumba karibu na duka, nikawa narudi kwa wazazi kila Jumapili.

Nilikuwa na miezi saba pale ulipoingia mzigo mpya. Tulikuwa stoo, dada anasoma orodha, mie nafungua maboksi kwa kisu. Boksi la tatu lilikuwa la vinyago. Kila kimoja kimeviringishwa nailoni ya mapovu. Nikafungua cha kwanza, na kabla sijamaliza kukivua, kidole changu kikagusa kichwa cha mjusi.

Sikuelewa mara moja. Nilidhani, kwa sekunde kama mbili, kwamba kazi ya baba imezunguka dunia na kuturudia, kwamba hawa ni mabibi wetu tuliowauza. Nikafurahi hasa. Halafu nikahisi uzito wake mkononi. Kilikuwa chepesi. Nikakigonga kwa ukucha, kikalia kama ndoo. Ilikuwa plastiki ile ngumu inayomwagwa kwenye kalibu na kupakwa rangi nyeusi. Nikafungua wa pili, wa tatu, wa nne. Walikuwa sawasawa, hata mie na baba na utepe wa mama tusingeweza kuwalinganisha hivyo. Kwenye kiwiko cha kulia, pale patasi ya baba ilipoteleza kidogo kwenye bibi niliyempiga picha, kulikuwa na kidonda kilekile. Kwa kila mmoja wao. Kitu kimoja tu hakikuwepo: ndonya. Waliiondoa. Nadhani waliona ni kasoro. Mdomo waliulainisha, wakauinua pembeni kidogo, na bibi wa baba, ambaye hakuwahi kucheka kwa ajili ya mtu, alikuwa anatabasamu.

"Wazuri, eh?" dada akasema. "Niliwaona kule ghalani nikasema hawa wataenda. Ni utamaduni wetu."

"Dada, hii ni kazi ya baba yangu."

Akacheka. Akanitazama, akaacha kucheka. Nikamweleza yote nikiwa nimekaa juu ya boksi. Nikamwonyesha kwenye simu picha ya bibi juu ya sahani, juu ya kigoda, kwenye shuka jeupe. Akachukua kinyago kimoja akakiweka kando ya simu.

"Mdogo wangu," akasema, "mie sikujua. Wallahi sikujua. Lakini nifanyeje? Mzigo umeshalipiwa. Nisipouza mie atauza jirani, kachukua boksi kumi."

Alikuwa anasema kweli. Hilo ndilo lililonichosha. Nilitaka mtu wa kumkasirikia, na mbele yangu alikuwepo mwanamke aliyenipa kazi, macho yake yamelowa. Akanipa kimoja, bure, nimpelekee baba. Kisha tukaendelea kufungua maboksi, kwa sababu wateja walikuwa wanaanza kuingia.

Siku hiyohiyo, saa ya chakula, niliandika barua pepe kwa Mzungu wetu, siyo ujumbe wa simu tena, kwa anwani yake binafsi aliyotupa zamani. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Alisema ameumia sana kusikia. Alisema duka lilimshinda wakati wa korona, akaliuza lote pamoja na jina, orodha ya wateja na picha, kwa kampuni kubwa, na hakujua wangezifanyia nini. Sasa anaishi kwa binti yake na analea mjukuu. Alitutakia heri. Niliisoma barua mara nyingi nikitafuta uongo ndani yake, sikuuona.

Nilikwenda pia kuuliza kwenye ofisi moja inayoshughulika na haki za wasanii. Kijana aliyenipokea alinisikiliza kwa adabu, akaziangalia picha. Akaniuliza kama tulisajili. Nikasema hapana, hatukujua kama bibi wa mtu anasajiliwa. Akasema kazi ni ya baba yako, hakuna ubishi, lakini aliyenunua picha yuko Ulaya, mwenye kiwanda yuko China, na kuwafikia huko ni safari ndefu. "Aliye karibu unayeweza kumshitaki," akasema, "ni huyo anayeviuza hapa." Nikamshukuru, nikarudi kazini kwa huyo anayeviuza hapa.

Kwa baba nilichelewa. Jumapili tatu nilienda Chanika na kile kinyago kwenye mfuko na nikarudi nacho. Ya nne mama alinikuta nakitazama jikoni. Akakishika, akakigeuza, akakaa chini kwenye mbuzi ya kukunia nazi. "Mpelekee," akasema. "Asije akakiona dukani kwa watu."

Baba alikuwa bandani, mchana, anatia makali patasi ambazo hazikuwa butu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umekuja na nini?"

Nikampa. Akakipima mkononi, akakinusa. Mpingo uliochongwa karibuni una harufu yake, na hiki kilinuka rangi. Akapitisha kidole gumba kwenye uso, kikasimama mdomoni.

"Wamemng'oa ndonya."

"Ndiyo."

Akakigeuza. Akamtazama mjusi kwa muda mrefu sana, akafuata mkia wake kwa kidole mpaka kiunoni. Nje mama alikuwa ameacha kutwanga. Nikaanza kueleza: duka, maboksi, barua ya Mzungu wetu, kampuni, kiwanda. Nilisema maneno mengi. Baba alisubiri nimalize.

"Ulipiga picha vizuri," akasema.

Ndivyo alivyosema. Sijui kama alinilaumu au alinisifu. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama ya mtu anayekagua kazi ya mwenzake. Miaka imepita na bado sijathubutu kumuuliza. Akanirudishia kile kinyago, akaendelea kunoa patasi.

Dada alijaribu kutusaidia. Mwenyewe alipendekeza nilete kazi za baba dukani, tuziweke rafu ya mbele, asichukue hata shilingi yake. Baba alikataa, mama akambembeleza, akakubali. Nikaleta mabibi watatu wa mpingo. Nikaandika kadi kwa mkono wangu: vimechongwa Chanika, mti halisi. Tukaviweka juu, vile vya kontena tukavishusha rafu ya chini.

Wateja walivishika vyote viwili. Nilisimama nikiwaangalia. Walikuwa wanashika cha baba, wanashangaa uzito, wanauliza bei, wanakiweka. Wanainama, wanachukua cha chini. Mama mmoja aliyekuwa anasafiri kwenda Mwanza aliniambia, "Hiki cha juu kimepinda pinda. Na huu mdomo wake una nini?" Nikamweleza ndonya. Akasikiliza vizuri tu, akanunua kinachotabasamu. Kaka mmoja aliniuliza kwa nini tunauza feki bei ghali kuliko orijino, akimaanisha kwamba cha baba ndicho feki, kwa kuwa haking'ai.

Mwishowe kimoja kilinunuliwa. Walikuwa maharusi, wanaishi Tegeta kwenye nyumba mpya, watu wazuri. Bwana harusi aliishika kadi yangu akaisoma kwa sauti, bibi harusi akasema hiki kitakaa sebuleni. Nilimpigia baba hapohapo. Akauliza, "Wamemwona mjusi?" Nikasema wamemwona, wamempenda. Akasema, "Sawa," nami nikasikia kwenye sauti yake kitu ambacho nilikuwa sijakisikia siku nyingi. Nikasikia pia mama nyuma akisema alhamdulillahi.

Wakarudi baada ya mwezi na nusu. Nyumba yao ina kiyoyozi, kinawaka kutwa, na mti hauupendi ubaridi mkavu. Bibi alikuwa amepasuka, safari hii kifuani, kutoka shingoni mpaka kwenye ukili aliokuwa anausuka. Hawakuja kwa shari. Bibi harusi aliona aibu hata kukitoa kwenye mfuko. Akauliza kama wanaweza kubadilishiwa, wachukue kile cha rafu ya chini, maana marafiki wamewaambia vile havipasuki.

Dada alinitazama ili niamue mie. Nikawabadilishia. Nikawafungia vizuri.

Jumapili hiyo nikawarudisha wote watatu Chanika. Baba alimshika yule aliyepasuka, akauangalia ufa. Nikangoja. Nilikuwa na tumaini la kijinga kwamba angechukua patasi nyembamba. Akamweka chini pamoja na wengine, akaniuliza kama nimekula.

Mwezi uliofuata walikuja watu na lori wakauliza kama tuna mpingo. Wananunua magogo, wanayapasua vipande, wanasafirisha kwenda kutengenezewa zumari na filimbi za huko nje, na gogo lililokauka miaka kama yale ya baba ni dhahabu kwao. Baba aliyauza yote. Aliwasaidia hata kupakia, akiwaonyesha lipi lina moyo mzuri na lipi litawadanganya. Pesa zile tulimtibia mama macho, kwa lenzi ambayo daktari alituambia imetoka Ujerumani. Mama sasa anaona mpaka sindano. Sijui niseme nini juu ya hilo. Tulishukuru.

Banda likawa wazi. Baba alilipangisha kwa jirani anayeweka humo mifuko ya saruji, kwa kuwa Chanika yote sasa inajengwa na saruji haikai dukani. Patasi zilichukuliwa na mpwa wake wa bodaboda. Sina hakika anazifanyia nini. Mwaka jana mtoto wa binamu yake alipiga simu kutoka kusini, ana miaka kumi na tisa, anataka kuja kujifunza kuchonga. Nilikuwa nimekaa karibu, nikamsikia baba akimwambia abaki hukohuko alime korosho. Yule kijana akasisitiza, akasema anapenda kazi hiyo, ametengeneza vitu viwili vitatu. Baba akasema, "Usimwonyeshe mtu," akakata simu.

Mie bado niko dukani. Vinyago vimeenda vizuri, dada ameagiza awamu ya tatu. Mara moja mpangaji mwenzangu alinionyesha kwenye simu video ya kiwanda huko mbali: wasichana wamekaa mstari mrefu, wamevaa barakoa, kila mmoja anapaka rangi nyeusi sanamu inayopita mbele yake, sekunde chache, inaondoka, inakuja nyingine. Nilimtafuta bibi katika mstari ule, hakuwemo, zilikuwa sanamu za simba. Nilimpelekea baba aione. Alitazama mpaka mwisho. Akasema yule wa tatu kutoka kushoto anakaa vibaya, ataumwa mgongo uzeeni. Akauliza wanalipwaje. Nikasema sijui. Akauliza kama wanajua wanapaka nini. Nikasema hilo nalo sijui.

Wiki iliyopita nilimpeleka kliniki, kifua kinambana siku hizi, daktari anasema ni vumbi la miaka mingi. Tulipofika barabara kuu magari hayakatiki, nikamshika mkono kumvusha. Nilishtuka. Kiganja nilichokijua kwa sugu za patasi kilikuwa laini, kimelegea, kama cha mtu wa ofisini. Nikadhani kwa haraka zangu nimeshika mkono wa mtu mwingine, nikageuka kuangalia. Alikuwa ni yeye, anaangalia malori yanayotoka bandarini yamebeba makontena, anasubiri nimwambie tuvuke.